Friji Namba Saba

Jumatatu, 3 Februari 2025
Umeme umeisha tena. Yuniti 35, siku sita. Mita moja, wapangaji watatu: mimi, Jabiri kinyozi, Mzee Athuman na mkewe Mwanaidi. Tukakaa kikao barazani. Jabiri alianza: "Dada Asnath, friji lako linakula kuliko sisi wote, na shikamoo halitoi." Mzee alicheka mpaka akakohoa. Yeye ana kisukari. Chupa zake tatu za insulini zinakaa kwangu.
Tumekubaliana hivi. Jabiri atapiga pasi Jumapili tu, nguo zote kwa mkupuo. Mwanaidi atachemsha chai kwa mkaa. Mimi nitazima friji saa tatu usiku na kuwasha alfajiri. Mchana liwe namba saba, ya mwisho, ili baridi ifike asubuhi. Wazo hilo la namba saba ni langu. Mzee aliuliza kama dawa yake itavumilia. Nikamwambia ndiyo.

Jumanne, 4 Februari
Mzee kahamishia chupa zake nyuma kabisa, chini ya kigandishio — anaogopa joto la usiku. Nilimsaidia kuzipanga.

Ijumaa, 7 Februari
Nasoma mita kila jioni. Wastani ulikuwa 5.8 kwa siku, leo 4.3. Jabiri anataka niitangaze redioni ninakofanya kazi. Yai lililokuwa nyuma kabisa ndani ya friji limepasuka ganda. Nimelikaanga.

Jumatatu, 10 Februari
4.1. Mzee kamaliza mtungi wa maji kabla ya adhuhuri. Anakwenda chooni kila mara. Mwanaidi analaumu joto, na kweli Korogwe leo haikaliki. Mzee anasema anajichoma sindano kama kawaida.

Jumatano, 12 Februari
Mzee na Mwanaidi wameondoka kwenda kijijini Kwedizinga, upande wa Handeni, arobaini ya kaka yake Mzee. Chupa mbili za insulini wameziweka kwenye chupa ya chai, kitambaa cha maji juu. Kanzu ya Mzee inampwaya. "Mwandishi, linda friji letu," aliniambia.

Jumamosi, 15 Februari
Saa moja asubuhi. Friji lilikuwa namba saba tangu jana. Jana sikulizima, nilipitiwa na usingizi. Chupa ya tatu, haijafunguliwa, imeganda. Barafu tupu. Nyanya iliyo kando yake ngumu kama jiwe. Nikakumbuka yai.
Basi chupa zote ziliganda kila mchana na kuyeyuka kila usiku. Mzee alizitoa asubuhi, zikiwa maji, safi.

Saa mbili. Duka la dawa. Muuzaji, Glory, hakuzunguka: ikishaganda haifai tena, hata ikiyeyuka na kuonekana nzima. Akauliza mgonjwa ana kiu? Anakojoa sana? Amekonda? Nikajibu ndiyo mara tatu.
Kazini sirushi habari bila kuuliza watu wawili. Hili sikuuliza hata mmoja.

Saa tatu kasorobo. Mwanaidi amepokea simu. Mzee ametapika tangu jana, anahema haraka, mdomo unanuka kama ndizi iliyoiva sana. Sindano? Amechoma leo alfajiri, tena ameongeza kipimo. Nikamwambia asichome tena ile, ampeleke hospitali Handeni sasa hivi, asinisubiri. "Kwani dawa ina nini?" Nikamwambia imeharibika. Akauliza imeharibikia wapi. Nikamwambia kwangu, ndani ya friji. Kisha nikamsikia akimwita Salimu, mpwa wao, alete bajaji.

Saa tano na nusu. Lango la hospitali, Handeni. Nina insulini mpya kwenye chupa ya chai. Barafu nimeifunga taulo isiiguse. Daktari wa zamu nimemweleza yote, kwa tarehe. Kitanda kipo. Bajaji ya kina Mzee ilitoka Kwedizinga saa tatu na robo. Njia ni ya saa moja na nusu, mbili zikizidi. Simu ya Mwanaidi haipatikani. Ya Salimu inaita, haipokelewi.
Jabiri katuma ujumbe. Hajui lolote, niliondoka bado amelala. "Jana 3.9 dada. Tumevunja rekodi, na friji nimelisikia likinguruma usiku kucha! Mzee akirudi tuchinje kuku."
Nampigia Salimu tena.
Bajaji ya bluu inakata kona. Si wao, ni mama mjamzito na dada yake. Wanaingia. Nimerudi langoni.