Nta ya Mlembe

Dada Eliza, shikamoo. Huku Igalula jua linapenya hadi ndani ya viatu, ila macho uliyonituma nayo hayajasinzia. Ukoo wa mchumba wa binti yako Neema nauchunguza kama ulivyoniagiza.

Leo baba wa kijana kanipeleka porini kurina asali. Mlembe, yule ndege anayewaonyesha watu nyuki walipo, alikuwa mtini. Mimi nilisikia kelele tu. Mzee alisikia anaitwa. Akajibu kwa mluzi, tukamfuata hadi kwenye mti wenye nyuki. Tulipomaliza, akamwekea ndege fungu lake juu ya jani.

“Mama mdogo, huyu ana kinyongo kama mtu. Ukimnyima leo, kesho anakupeleka kwa nyoka.”

Nikachungulia. Nta tupu! Asali yote iko kwenye ndoo.

“Mlembe anapenda nta,” akasema. “Asali hana haja nayo.”

Kweli ndege alishuka, akadonoa kwa furaha, au kwa njaa. Uso wa ndege mimi siujui kuusoma.

Tuliporudi, tukaandaliwa ugali na kuku. Mzee akalivuta bakuli la nyama, mkewe akabaki na mchuzi. Nikamtazama mzee.

“Mama watoto anapenda mchuzi,” akasema. “Nyama hana haja nayo.”

Mkewe akainama, akamega ugali. Uso ule niliusoma.

Nawakumbuka sana, Mungu awatunze. Na umwambie Neema, kabla hatujapokea posa, aje hapa aseme kwa sauti kwamba yeye anakula paja.

Mdogo wako, Tabitha