Kwa Mkwe Wangu Aliyekuwa Akisema na Kioo cha Lori

Mkwe wangu, Baba Naomi,

Nakusalimu. Huku tu wazima, ukungu upo, viazi vimekubali, na watu wa boma bado wanatukazania tuchimbe matuta ambayo wao wenyewe hawayachimbi. Anayeandika ni mke wa mwinjilisti. Mimi kalamu sijui hata inavyoshikwa, lakini maneno ni yangu na nimemkataza kuyalainisha. Bahasha sijaifunga. Atakayekuletea huko Tanga akitaka kuisoma njiani na aisome, sina la kuficha.

Nakumbuka siku marehemu mwanangu Raheli alipokuleta nyumbani. Ulisimama kule kwenye migomba ukanipa ubavu, macho chini, kama mkwe anavyotakiwa. Nikakupenda hapo hapo. Miaka yote mliyokaa nyumba ya chini hatukutazamana usoni wala hatukula chungu kimoja. Ukiwa na neno unamwambia mkeo, "Mwambie mama mvua inakuja," na mimi nimesimama pale pale nasikia. Namjibu Raheli, "Mwambie mumeo nimeiona." Mwanangu akachoka na sisi. Alisema siku moja atatuacha tunyamaziane mpaka tuote uyoga.

Unalikumbuka lile lori la tajiri wa mjini, ulilokuwa ukipelekea kabichi stesheni ya Mombo? Tajiri alikuwa akichungulia petroli kama anachungulia uji wa mgonjwa. Basi ukijaza kabichi, ukifika Soni, mteremko unapoanza, unatoa gia, unazima injini, gari linashuka lenyewe kona baada ya kona, na kila kona unapiga honi. Madereva wote wa mlimani mlifanya hivyo na mkajiona wajanja. Betri ikawa inachoka. Nilikutumia neno kwa Raheli: liache lori lipumzike, hata ng'ombe akikamuliwa sana huachwa. Ukacheka kule uani. Nilikusikia.

Halafu ikaja ile asubuhi uchungu ulipomshika Raheli na mtoto akawa amekaa vibaya. Mkunga wetu alipapasa tumbo akasema hili si langu, mpelekeni hospitali ya Bumbuli. Ukakimbilia lori. Kimya. Ulizungusha hendeli mpaka mkono ukavimba, cheche hazikutoka, betri ilikuwa imekufa kabisa. Siku iliyotangulia ulikuwa umeteremka hadi Mombo injini imezimwa, honi inalia, ukapanda jioni kidogo tu mpaka Soni ukalala kwa rafiki yako, alfajiri ukalifikisha nyumbani kwa shida. Tukasukuma, wanawake wa mtaa mzima, mimi bega kwenye ubao wa nyuma. Kwenye mteremko wa kanisa likakohoa, likawaka.

Sasa nikae wapi? Raheli hakuweza kukaa peke yake. Nikapanda mbele, mwanangu katikati yetu, mama mkwe na mkwe kwenye kiti kimoja. Wazee waliotuona waligeuza nyuso.

Ukungu ulikuwa mzito, umewasha taa, nazo nyekundu kama kibatari kinachoishiwa mafuta. Kabla ya Soni, Raheli akaanza kulia kwamba lori linamrusha. Nikamwambia, mwambie mumeo asimame upumue. Alikuwa ameuma kanga. Nikarudia. Ndipo ulipofungua mdomo, macho yako kwenye kioo cha mbele, ukaniita.

"Mama, siwezi kusimama. Gari hili linapata nguvu likienda."

Ukakieleza kioo mambo yote, nami nasikia. Kwamba kwenye injini kuna kitu kama kopo kinaitwa dinamo. Injini inakizungusha kwa mkanda, nacho kikizunguka kinatoa umeme, na umeme huo unarudi kwenye betri. Injini ikienda kasi, betri inashiba. Tukisimama ikinguruma polepole, dinamo haitoi kitu na taa zinaendelea kula. Ikizima, tunalala hapo. Ukasema ndiyo maana kuteremka umezima injini ni kumnyima mtoto ziwa halafu kumshangaa anakonda. Nilitaka kukuuliza ulijua hayo yote na bado ukazima, lakini haikuwa saa yake.

Ukanionyesha kisaa kidogo chenye mshale, ukasema ukilalia kushoto betri inaliwa, ukilalia kulia inalishwa. Tulipouanza mlima wa kwenda Bumbuli ukaweka gia ndogo, injini ikapiga kelele hadi meno yakauma, na ule mshale ukalalia kulia. Taa zikawa nyeupe. Nilimshika mwanangu kwa mkono mmoja, macho yangu kwenye mshale, nikawa nakwambia, "Kulia. Bado kulia. Nenda, baba." Sikumtuma mtu. Nilikwambia wewe.

Hospitali ulikataa kuzima mpaka muuguzi alipotoka kukugombeza. Na ulipoambiwa ni msichana, wote wawili wazima, ulinigeukia ukanitazama usoni. Halafu ukakumbuka ukwe, ukaanza kutazama tairi.

Raheli amekwenda, Baba Naomi. Homa ile haikutupa nafasi ya kusukuma gari lolote. Tulipomaliza kuzika ulikaa uani siku nzima, mimi ndani, na kati yetu hapakuwa na wa kumwambia "mwambie". Kesho yake ukaondoka. Mtoto alikuwa bado anatambaa. Sikukasirika. Nilielewa, njia yako ya kuingia kwangu ilikuwa yeye.

Lakini mwezi uliopita mdogo wako kaja na ujumbe wako, kwamba umeacha na udereva, unatulia kwanza, moyo ukipata nguvu ndipo utakuja. Nikamfukuza na kikombe chake cha chai mkononi. Unatulia? Miaka mingapi? Mwanamume uliyenikatalia kumpumzisha mwanangu barabarani, leo moyo wako unauegesha ukingoja ujijaze wenyewe? Hakuna nguvu itakayokufuata hapo ulipokaa. Utaipata ukiwa unakuja, na ukifika umechoka nitakupa makande.

Mwiko wa ukwe nauvunja mimi, niliye mkubwa. Wazee nimewaambia, mmoja kanuna, na anune. Utapita mlango wa mbele, utakaa ndani, utasema nami uso kwa uso.

Naomi anaanza shule msimu huu. Mwalimu ameniuliza nani atamleta siku ya kwanza, nikasema baba yake. Usinifanye mwongo.

Jambo moja ujue kabla hujafika. Hakujui. Anacheza karibu na njia, na mtoto huyu ana adabu, akiona mtu mzima anakimbia kumsalimu. Atakupa shikamoo kama anavyompa kila mgeni. Usilie mbele yake. Itika marahaba, chuchumaa, umwambie wewe ni nani. Mimi sijamwambia, na sitamwambia. Hilo nimekuwekea wewe.

Ni mimi mkweo,
Bibi yake Naomi