Jiko Halina Plagi, Shemeji Anacheka

Mshauri wetu mpendwa, shikamoo kama umenizidi umri, na kama nimekuzidi mimi basi naingoja yako, nina jambo limenikaa kooni. Binti yangu ni fundi umeme, tena si fundi wa kubadilisha balbu, anafunga nyaya jengo zima, wanaume wanamshikia ngazi yeye yuko juu, na mimi niliyeishia darasa la saba ndiye niliyemzaa. Juzi kaniletea jiko la umeme, plati nne na oveni chini, kalifunga kwa mikono yake, waya mnene unatoka ukutani moja kwa moja hadi nyuma ya jiko, na swichi yake kubwa pembeni. Majirani wakaja kulitazama kama bibi harusi, na mimi sikuwafukuza. Shemeji yangu naye akaja, mdogo wake marehemu mume wangu, akachungulia, akacheka, "Shemeji, mbona halina plagi? Binti yako kakuachia kazi nusu!" Nikamwambia, "Hiyo nusu yake inakushinda wewe mzima." Lakini neno lilinichoma, maana mimi ni mtu wa kufagia nyuma ya kabati, kila Jumamosi navuta kila kitu, na jiko hili halivutiki, waya mfupi, na kitunguu kimeshadondokea huko, nasikia harufu yake. Shemeji anasema Jumamosi ataleta plagi ya pasi yake iliyokufa, akate waya, achomeke kwenye soketi ya friji, binti hatajua. Nami nimeanza kulegea. Binti alisema, "Mama, mtu asiguse," na nikimlalamikia ataona naiponda kazi yake. Nifanyeje?

Mama Fundi

Mama Fundi, za shikamoo tutajuana tukionana. Hongera, binti unaye! Ila shemeji unaye pia, na hapo ndipo penye shida.

Jiko hilo linavuta umeme mwingi mno. Plagi ya pasi itayeyuka, na moto hautauliza nani kaileta. Kukosa plagi si kazi nusu, mama. Waya wa moja kwa moja ni njia sahihi, hauchomoki wala haulegei ovyo, na swichi ile ndiyo ya kulizimia. Njia ya pili ipo: soketi kubwa ya jiko peke yake na plagi yake kubwa, ukitaka kulivuta unazima, unachomoa. Zote nzuri, mradi kitabu cha jiko kinaruhusu na fundi ndiye kafunga. Wewe wa kufagia nyuma ya jiko inakufaa ya pili, lakini binti angejuaje, na wewe ulikuwa unapokea pongezi tu?

Mpigie leo. Mwambie, "Mwanangu, kazi yako safi, ila mama yako unamjua, lazima afagie nyuma ya jiko." Fundi wa kweli hanuni akiambiwa mteja anataka nini. Ananuna akikuta waya wake umekatwa kwa siri. Shemeji akija mpe chai, plagi ibaki mfukoni mwake. Kitunguu kivumilie.

Na kabla binti hajaja kubadilisha, mgeni akiuliza plagi iko wapi, mwonyeshe ile swichi ukutani, mwambie aliyeifunga ulimnyonyesha mwenyewe.