Hakimu Niliyemnyamazisha

Jumatano usiku, Kawangware

Eti dharau! Na mimi nilivaa suti, nikainama mbele ya hakimu kama niko kanisani.

Alimwambia dadangu Mumbua amedharau korti. Nikasimama: "Mheshimiwa, huyu hajawahi kukutusi. Ni mpole sana." Watu wakacheka. Hakimu akasema, "Mzee, keti. Dharau ni kukataa kumpeleka mtoto kwa babake wikendi, na niliamuru. Asipompeleka Jumamosi hii, mama atalala ndani ya seli."

Nikaketi.

Lakini huku kwa ploti tunapopanga nimewaambia majirani vingine. Kwamba niliongea mpaka hakimu akavua miwani, akakosa la kusema. Wakanipigia makofi, nikanogewa, nikaongeza na karani aliyelia.

Sikujua Mwende, mtoto wa Mumbua, amesimama mlangoni anasikiliza. Ana miaka saba, na kila akitajiwa kwenda kwa babake kule mtaa wa Olympic analia mpaka anatapika.

Akanivuta koti. "Anko, ni ukweli ulimnyamazisha hakimu?"

"Kabisa."

"Basi mwambie Jumamosi nisiende."

Mpaka saa hii sijavua suti. Kesho lazima nimwambie huyu mtoto ni nani aliyenyamazishwa.