Noti ya Babu Imepigwa Pasi

Katoyi, Goma
14 Septemba 2025

Mpendwa kaka yangu mkubwa, yaya Kambere,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Unaendeleaje huko Amerika, na kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimepona? Sisi tuko wazima, ila mimi nina kichefuchefu ambacho si cha malaria.

Ni ile noti ya kale ya babu, aliyoachiwa na padri mzungu kule Vitshumbi, ile ya dola, yenye jina la benki ya mji mdogo wa kwao huko Amerika. Ulituambia wakusanyaji wa noti hizo wanaitaka kwa bei nzuri, mradi iachwe ilivyo, na mikunjo yake na saini za wino za wakubwa wa benki. Mama alikwisha kuchagua mashini ya kushona pale Ndosho, maana ile yake ilipotea tulipokimbia vita Januari.

Basi mjomba Rémy ameiosha.

Kwa sabuni ya unga, yaya! Aliitoa katika Biblia ya mama sisi tukiwa misani, akaisugua, akakata kingo zilizochakaa kwa mkasi, kisha akaipiga pasi. Unajua wabadilisha pesa wa hapa: tangu benki zifungwe, dola ikiwa na doa dogo tu wanakurudishia. Mjomba akadhani wazungu wako nao ni kama wabadilisha pesa wa Ndosho.

Saini zimetoka zote. Rangi imekuwa ya maji yaliyooshewa mchele, nayo inanuka sabuni hadi nachukia kuishika.

Wala hana haya. Alituonyesha akitabasamu, akasema, "Ilikuwa muchafu sana, muzungu angeikataa. Sasa iko mupya." Halafu akauliza fungu lake ni lini. Kwa msaada wa namna hii, heri mwizi, angalau angeiuza ikiwa nzima. Sijamsalimu tangu Jumapili iliyopita, na sijui nitaanza lini.

Shangazi Philomène na binti yangu Bénita wanakusalimu sana. Mjomba naye anakusalimu, lakini salamu zake mimi sizibebi.

Mama hakugomba. Aliisogeza noti dirishani, akatafuta saini kwa kidole, akairudisha katika Biblia. Kisha akachukua gauni la Bénita analolishona kwa mkono, akaniambia, "Andikia Kambere asihangaike. Sindano iko bado."

Mungu akufunike huko uliko.

Mdogo wako akupendaye kwa moyo wote,
Kahambu