Ufunguo Wangu wa Siri Mikononi mwa Shangazi

Kaka, nimeumbuka. Usicheke kabla sijamaliza.

Unaukumbuka ule mtandao wetu usio na kampuni wala bosi, kila mtu ana funguo zake mbili? Wa wazi unawagawia watu wakufungie ujumbe, wa siri unabaki nao mwenyewe wa kuufungulia na kuandikia kwa jina lako.

Jana nikatangaza kwa mbwembwe kwenye kundi la ukoo, "Ufunguo wangu huu hapa, niandikieni bila hofu."

Nilibandika wa siri.

Wa siri, ndugu yangu. Mimi niliyewafundisha wote.

Asubuhi hii shangazi ananimiminia chai, ananiambia taratibu, "Yule fundi cherehani wako amejibu."

"Amejibu nini?"

"Anasema mashairi yako ni matamu ila hajui unataka nini. Beti kumi na mbili, mwanangu, na hata kukutana hujamwomba."

Beti za mapenzi nilizozikeshea kwa miezi. Kazisoma.

"Basi nikamjibu kwa niaba yako," akasema, akaniongezea sukari.

Kwa jina langu, kwa ufunguo wangu. Na hakuna pa kushtaki, maana mtandao hauna mwenyewe. Ndicho nilichokuwa najisifia.

Aliandika mstari mmoja tu: "Nakupenda, naomba tuonane Jumamosi mchana."

Na fundi, ambaye kwa miezi yote hiyo alikuwa ananijibu "asante", kajibu papo hapo: "Njoo. Leo ndiyo umeandika kitu nikakuamini."

Funguo nimeshabadilisha. Ila Jumamosi anamsubiri aliyeandika ule mstari.

Niende mimi, au nimpeleke shangazi?