Kamera Mbili za Ubavuni

Jumatatu, 2 Juni

Nimeosha gari kabla ya kwenda kliniki. Skrini bado nyeusi, kushoto na kulia. Kamera za ubavuni zilikufa Ijumaa, zote mbili pamoja. Mume wangu anasema ni vumbi la hapa Kwa Vonza. Ni fundi wa malori miaka ishirini, nikamwamini.

Hataki kuzigusa lakini. "Gari la betri si gari, Mama Ndanu. Panda basi." Mafundi wake wakacheka. Nikacheka pia. Mjinga mimi.

Jumatano, 4 Juni

Leo nusura niwe maiti. Tangu nipate ajali miaka ya nyuma, shingo yangu haigeuki, kwa hivyo kamera ndizo shingo yangu. Nilitoka kidogo nipite mkokoteni wa punda, kumbe lori la mchanga liko ubavuni. Honi. Nikavuta usukani, nikaishia kwenye changarawe. Nilijikojolea.

Nilimweleza jioni. Aliendelea kula muthokoi wake. "Si nilikwambia hiyo kazi ya Wote itakuua?"

Nimepewa kusimamia kituo cha afya huko mjini Wote, kuanzia Julai. Hajawahi kunipongeza.

Alhamisi, 5 Juni

Kamera mpya nilizoagiza zimefika Kitui, nimezichukua. Fundi mmoja wa Nairobi amenielekeza kwa simu: bandika tepu nisikwaruze rangi, ingiza kijiti bapa cha plastiki, sukuma taa ya ubavuni, itatoka na kamera yake. Nitafanya mwenyewe.

Baba Ndanu ameziona. Hakucheka. Ameuliza mara mbili nitazifunga lini.

Jumamosi, 7 Juni

Nilianza kushoto. Taa ilitoka kwa mlio kama wa mfupa unaovunjika. Nyuma yake waya wa kamera umekatwa. Panya hutafuna. Hii ni koleo, mkato safi.

Nikafungua kulia. Vilevile.

Alitoka na kikombe cha chai, akaona nilichoshika.

"Nilitaka tu ukae nyumbani."

"Ulijua shingo yangu ilivyo."

"Najua." Akanywa chai.

Namchukia. Nimeliandika mara moja, inatosha.

Nikachomeka kamera mpya na waya zake, nikarudisha taa, nikagonga kwa kiganja mpaka zikakaa. Skrini ikawaka: ukuta, kuku, yeye.

Jumapili, 8 Juni

Kanisani alisimama kutoa ushuhuda. Eti Mungu ametumia mikono yake kuokoa mke wake, ametengeneza gari la umeme bila kusomea. Amina nyingi. Mama yake akanifinya mkono: "Umebarikiwa mume."

Nilipiga makofi. Hilo ndilo linaniuma kuliko waya.

Baada ya ibada gari lilitaka kuendeshwa ili kamera zijipime upya kwa mistari ya barabara. Nikaendesha mpaka Kitui na kurudi. Alikaa kando yangu akipungia watu mkono.

Jumatatu, 9 Juni

Wote. Nilifika saa nne asubuhi. Niliondoka yeye akiwa gereji, bila kuaga. Nilipita malori matatu njiani.

Dada yangu Mumbua amepitisha waya wa umeme kwenye dirisha la jikoni, gari linachaji. Ameona masanduku yangu garini, hajauliza.

Ndanu amepiga simu kutoka chuo. Nimemwambia yote kuhusu baba yake. Akauliza kama nimekula.

Nimekula. Ugali na kunde. Alasiri nitatembea mpaka kituo cha afya, nikaone kilivyo.